Sifa za Wakili Kimya

Jaji Mkuu anapowaapisha mawakili wapya, kila mmoja husimama ndani ya joho jeusi akiwa na orodha ya shukrani kichwani: Mungu, wazazi, wahadhiri, na wakili mlezi aliyemshika mkono. Kuna mlezi mmoja ambaye orodha hizo humsahau daima. Hana kibao mlangoni, hana picha kwenye tovuti ya ofisi yoyote, wala hajawahi kumtoza mtu ada. Hata hivyo amewafunza watu wengi kuliko ofisi zote za mawakili za Nairobi, kutoka Upper Hill hadi Westlands, zikijumlishwa. Jina lake ni Kimya, na kwa kuwa hatajisifu mwenyewe, nimejitolea kumwakilisha bila malipo.

Asiyeijua njia ya uwakili nchini Kenya na aelezwe kwa ufupi. Digrii ya sheria, miaka 4 ya kukesha, haimfanyi mtu wakili. Humpa tu kibali cha kubishana na wajomba matangani. Baada yake kuna Chuo cha Mafunzo ya Sheria kule Karen, ambako hata alama ya Kiingereza au Kiswahili ya kidato cha 4 imewahi kuwazuia watu mlangoni. Kuna masomo 9 na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Kisha kuna uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka isiyopungua 5. Hayo mengine yote yana ratiba, karo na chumba cha mtihani. Uanagenzi mtu huutafuta mwenyewe. Huingia mjini na bahasha, ofisi hadi ofisi, na hapo ndipo Kimya anapofungua darasa.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa huulizwa kwao. Baba yake ni Shughuli Nyingi, mama yake ni Tutakupigia, na shangazi yake, Wakili-Yuko-Kortini, ndiye apokeaye simu. Ukoo huu haukuzaliwa juzi. Mwaka 1891 kijana mmoja alirudi India kutoka London akiwa amekwisha kuhitimu uwakili. Akajaribu kuanza kazi Bombay, mambo yakakwama. Akaomba kufundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari, akakataliwa kwa kuwa hakuwa na digrii. Mwaka 1893 akapanda meli kwenda Afrika Kusini kusaidia katika kesi ya mfanyabiashara mmoja, na njiani meli ikatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Kijana huyo ni Mohandas Gandhi. Lau Bombay ingempa ofisi nzuri yenye dirisha, huenda angezeeka akiandika hati za mashamba, na dunia isingepata habari zake. Anayemwona Kimya kuwa adui wa vijana aanze kwanza kuihesabu faida hiyo.

Hapa kwetu Kimya alipata makao polepole. Zamani Mwafrika aliyetaka uwakili alilazimika kuufuata Uingereza. Wakili Argwings-Kodhek aliufuata huko, na aliporudi akafungua ofisi yake mwenyewe na kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau. Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilipendekeza wanasheria wa Afrika wafunzwe nyumbani, na mwaka 1963 chuo cha sheria kikaanzishwa Nairobi. Tangu hapo hatuhitaji kusafiri ng'ambo ili tunyamaziwe. Barabara inayopita Hurlingham ina jina la Argwings-Kodhek hadi leo, na mwombaji anayeifuata akiwa na bahasha kwapani atazipita ofisi za mawakili kadha wa kadha, kila moja na kengele yake na mbwa wake.

Sasa tazama anavyofundisha. Mlinzi anabaki na kitambulisho chako na kukusukumia daftari: jina, namba ya simu, unakoenda, unamwona nani, saa ya kuingia, sahihi. Hapo penye 'unamwona nani' ndipo mtihani wa kwanza ulipo, maana hakuna unayemwona. Ghorofani kuna kochi la ngozi, mtungi wa maji, na vyeti vya wakubwa ndani ya fremu. Mhudumu wa mapokezi, mkono wa simu ukiwa umebanwa begani, anaipokea bahasha ya kaki na kuipimapima uzito, kisha anagonga muhuri wa ofisi kwenye nakala yako, tarehe katikati, wino umefifia upande mmoja. "Tutakupigia." Bahasha inawekwa juu ya bahasha nyingine za kaki, na lundo linainama kidogo kuelekea ukutani.

Asiyeelewa atasema umepoteza asubuhi nzima. Kumbe umefuzu somo la kwanza, la kukabidhi hati: kufika, kukabidhi, na kurudi na nakala yenye muhuri. Mwanafunzi wa Kimya akimaliza msimu ana mihuri ya kutosha kumthibitishia jaji yeyote kwamba mawakili wote wa mji huu wamepewa notisi kuwa yeye yupo duniani.

Somo la pili ni subira. Wakili wa Kenya huishi kwa tarehe: kesi itatajwa, kesi imeahirishwa, hakimu yuko likizoni, faili haionekani, njooni baada ya mapumziko ya Agosti. Vijana wenye haraka huvunjika moyo mapema. Aliyelelewa na Kimya havunjiki. Kwa miezi amekuwa akijibu kila namba ngeni kwa sauti nzito ya heshima, "Hujambo, nakusikiliza," na upande wa pili akakuta mtu wa mikopo, au mtu aliyetuma pesa kwa bahati mbaya na sasa anataka arudishiwe. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kesi yake imesogezwa hadi mwaka ujao, atatoa shajara na kuuliza ni saa ngapi.

Somo la tatu ni ufasiri wa sheria. Tangu Julai 2020, mahakama za Nairobi zilipoanza kupokea nyaraka kwa mtandao, Kimya naye amehamia huko. Sasa baruapepe ya mwombaji hujibiwa papo hapo na mashine: tumepokea ombi lako, tutawasiliana nawe endapo utafaulu. Mwanafunzi analazimika kuzitoa kanuni zote tatu alizofundishwa mwaka wa kwanza. Kwa kanuni ya maana ya wazi, wamepokea na watawasiliana. Kwa kanuni ya kuepuka upuuzi, haiwezekani ofisi yenye heshima zake iandike sentensi nzima bila kukusudia lolote, kwa hiyo matumaini yapo. Kwa kanuni ya kutafuta ubaya uliokusudiwa kuzuiwa, ubaya wenyewe ni wewe.

Somo la nne ni uandishi. Barua ya kwanza ya kila mwombaji huanzia shule ya msingi, ikapitia ukiranja, ikaitaja ndoto ya utotoni ya kuwatetea wanyonge, na kuishia ukurasa wa pili kwa 'wako mtiifu'. Kimya huipokea na hasemi kitu. Ukitoa chapa kwa shilingi 10 kila ukurasa, ndoto ya utotoni ndiyo hukatwa kwanza. Ukiranja hufuata. Msimu ukikaribia kwisha, barua imebaki mistari michache: mimi ni nani, nimefika wapi kimasomo, ninaweza kuanza lini, simu yangu hii hapa. Hakuna mhadhiri aliyewahi kufuta maneno mengi namna hiyo bila kalamu nyekundu.

Wapo wanaodai kwamba Kimya ana upendeleo. Wanasema mpwa wa bosi hupigiwa simu Ijumaa na Jumatatu akawa dawatini. Sikatai. Lakini hapo wa kuhurumiwa ni nani? Mpwa anaingia kazini hajui ngazi za jengo hata moja, hajawahi kuandika barua ya mistari michache, na siku hakimu atakapomwambia "njoo kesho" atadhani ametukanwa. Damu ni nzito kuliko maji, ila haijawahi kumfundisha mtu kungoja.

Mlinganishe pia na walezi wengine. Walio na bahati ya kupata nafasi, baadhi yao hupewa posho, wengine hupewa nauli, na wengine huambiwa kwamba watalipwa kwa uzoefu, sarafu ambayo hakuna matatu inayoipokea. Hubeba faili hadi mahakama ya Milimani, hukaa foleni kwenye ofisi za ardhi za Ardhi House, hutoa nakala mpaka mashine ikachemka. Kimya hajawahi kumtuma mtu Ardhi House. Hajawahi kumfokea mtu kwa chai kupoa. Akikupa likizo, ni likizo kamili.

Sifa yake kubwa zaidi, hata hivyo, ni jinsi anavyowapumzisha mawakili wenyewe. Asubuhi, pale Milimani, wakili anasimama na kunguruma kwamba mteja wake hakusikilizwa. Anakisoma Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kwamba mtu anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Anakiongeza cha 159, kwamba haki isicheleweshwe. Jaji anaandika, mteja anafuta machozi. Alasiri wakili huyo huyo anarudi ofisini, analipita lundo la bahasha za kaki, na kinywa kilichochoshwa na haki ya kusikilizwa kinafungwa. Mganga hajigangi. Ukimbana atakujibu kwamba ofisi yake si mamlaka ya serikali, na kwa pingamizi hilo la awali atakushinda kabla hujafungua faili.

Haki ya pande zote inanidai niwataje na maadui wa mteja wangu. Wa kwanza ni wale wanaosema jibu la 'hapana' ni mistari mitatu na dakika mbili. Wanasema mtu aliyekataliwa huenda kwingine siku hiyo hiyo, lakini aliyenyamaziwa huingoja ofisi moja huku kalenda ya chuo ikimpita. Wanasema nauli na chapa za barua hizo hutoka kwa mama aliyekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya karo. Wanasema kwamba taaluma inayokula kwa kuwasemea wengine haifai kuwa bubu mlangoni pake. Ni hoja nzito, na baada ya kuzitafakari kwa kina nimeamua kuzijibu kwa namna ambayo mteja wangu angezijibu.

Maadui wa pili ni hatari zaidi, nao wengi wako nje ya Nairobi. Huko Machakos, Kakamega au Malindi bado utampata wakili mwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na karani mmoja, na feni inayolia, ambaye simu ikiita huipokea mwenyewe. Unamweleza haja yako. Anakuuliza unatoka chuo gani na kama unajua kuandika hati ya kiapo. Kisha anasema, "Njoo Jumatatu. Nauli nitakupa, mshahara sina." Au anasema, "Mwaka huu ninaye mmoja, mwanangu, na meza ni hizi unazoziona. Jaribu kwa mwenzangu hapo ng'ambo ya barabara, mwambie nimekutuma mimi." Mambo yanakwisha kabla ya salio la simu. Watu wa aina hii wanaharibu mtaala. Mwombaji akizoea kujibiwa anaweza kuja kuwa wakili anayejibu, na ugonjwa huo ukishaingia ofisini hauna dawa.

Kwa hayo yote, napendekeza Kimya asajiliwe rasmi kuwa wakili mlezi. Tajriba ya miaka 5 anayo, tena mara nyingi. Wanagenzi wake wametapakaa katika kaunti zote 47. Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili haitapokea lalamiko kwamba amemdanganya mtu, kwa kuwa hajawahi kumwambia mtu neno. Siri za wateja anazitunza kuliko yeyote kati yetu. Kikwazo ni kimoja. Miezi 6 ikitimia, mlezi hutakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba mwanagenzi alikuwa kwake na akafunzwa kazi, na bila uthibitisho huo ombi la kuapishwa haliwezi kufika kwa Jaji Mkuu. Mteja wangu, pamoja na vipaji vyake vyote, hajui kutia sahihi. Itabidi kalamu ishikwe na mtu.

Mtu huyo akipatikana na akasema 'ndiyo', mfuate. Akisema 'hapana', mshukuru vilevile, hata kama mteja wangu yupo anasikia: amekusikiliza, ameamua, na amekupa uamuzi wake siku hiyo hiyo, jambo ambalo mahakama zetu zenyewe bado zinajitahidi kulifikia.