Redio Isiyolala

Gari dogo lililotumika Japani likifika Mwanza huwa bado halijapata habari kwamba limehama. Ukiliwasha, binti aliye ndani ya dashibodi anakukaribisha Kijapani kwa adabu zote, skrini inadai kadi iliyobaki kwa mwenye gari wa kwanza, na redio inakoroma tu. Si kwamba redio ni mbovu. Kule kwao FM huanza 76, na redio nyingi za zamani zinaishia 90. Sisi tunaanza 88 tunakwenda mpaka 108. Unabaki na kale kaupenyo ka kati ya 88 na 90, na taarabu zote, mechi zote na matangazo yote ya vifo yanapita juu ya kichwa chako.

Nikatafuta fundi anifungie redio mpya. Fundi akaniangalia kwa huruma. "Dada, redio bila besi ni dagaa bila chumvi." Basi ikaja redio, ikaja sabufa nyuma, ikaja na amplifaya chini ya kiti cha abiria. Alilala chini ya dashibodi miguu ikiwa nje, akiuma waya kwa meno na kuzungusha utepe mweusi, na alipoibuka besi ilipiga mpaka kuku wa jirani wakahamia upande wa pili wa mtaa. Nikamlipa, akaniaga kwa heshima.

Asubuhi nikazungusha ufunguo. Tik. Basi, huo ndio mwisho wa mazungumzo.

Mwanza gari likizima halibaki kuwa lako. Wa kwanza kufika aliuliza kama mafuta yapo, maana dereva ni mwanamke. Wa pili aligonga terminali kwa jiwe. Mawe katika jiji hili hatujawahi kuyakosa. Wa tatu alimwagia maji ya moto ule unga mweupe wa kwenye terminali, na huyu nampa haki yake, unga ule kweli huzuia umeme. Mwingine akasema ni oltaneta. Mzee mmoja alisubiri wenzake watawanyike, akaninong'oneza nitafakari ni nani kati ya majirani hanitakii mema.

Wenye gari za gia za mkono hapa wana raha yao. Jioni wanapaki kwenye mteremko, iwe Bugando au Mabatini, asubuhi wanaachia breki, gia ya pili, klachi, gari linakohoa na kuitika. Langu ni otomatiki. Hilo hata ulisukume mpaka Igoma halitawaka, kwa sababu giaboksi yake inahitaji presha ya oili, na pampu ya oili haizunguki mpaka injini yenyewe izunguke. Vijana walilisukuma hivyo hivyo, kisha wakaomba hela ya soda.

Muuza betri akaniambia betri ni ya zamani. Nikanunua mpya. Hiyo mpya ilidumu kidogo zaidi ya ile ya kwanza, kwa vile ilikuwa na kingi zaidi cha kuibiwa. Nikanunua na waya za kubusti, nyekundu na nyeusi, ambazo zilitembea mtaani kwetu kuliko gari.

Kisha ikatokea safari ya msibani Sengerema. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, mtu anaweza kuvuka ziwa kilomita kama 3 bila kuzima injini. Lakini mimi nilikuwa mjini kati, na feri ya Kamanga ilikuwa pale pale. Kwenye feri amri ni moja: zima gari. Betri iliyonyonywa usiku kucha ilikuwa imejikongoja kuwasha asubuhi, na mwendo wa kutoka nyumbani hadi gatini ni mfupi mno kuirudishia ilichopoteza. Nilipangwa mstari wa mbele kabisa. Nyuma yangu kulikuwa na lori la mikungu ya ndizi, noah ya maharusi na bodaboda zisizo na subira.

Feri ikagusa ng'ambo, mlango ukashuka. Tik.

Honi zilizopigwa pale nadhani Ukerewe walizisikia. Bibi mmoja mwenye ndoo ya sato alichungulia dirishani, "Ng'wanawane, unasubiri nini?" Baharia akaniamuru niweke N. Na njia ya kutoka kwenye feri haishuki, inapanda. Abiria wakajipanga nyuma, maharusi wakiwemo, bwana harusi akiwa amevua koti na kumkabidhi mpambe. Wakalipandisha gari kwa wimbo. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika usukani na kutabasamu kwa wakwe za watu.

Bahati ilikuwa ni mwezi mpevu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mwezi ukijaa mitumbwi hulala ufukweni na betri za taa hukaa juani na sola zake, zimeshiba hazina kazi. Kijana mmoja wa dagaa akaja na betri yake begani. Waya zangu sikuwa nazo, zilikuwa kwa jirani, akatumia zake: chanya kwa chanya, na ule mweusi akaumalizia kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Gari likawaka. Alipoingiza mkono chini ya kiti cha abiria kuokota spana yake, akautoa haraka.

"Dada, gari lilikuwa limezimwa. Hiki kidude mbona cha moto?"

Wote walioligusa gari kabla yake hawakuwahi kuuliza swali hilo. Niliporudi mjini, mzee mmoja fundi umeme akachomoa waya hasi wa betri, akapitisha mita katikati, akafunga milango na kusubiri gari litulie. Gari lililolala halitakiwi kuzidi miliampea 50 hivi, za saa na alamu. Langu lilikuwa likila ampea 1.3. Kwa saa 24 hiyo ni zaidi ya ampea-saa 31, na betri yangu nzima ni 40. Akawa anachomoa fyuzi moja moja. Alipochomoa ya amplifaya, mita ikaanguka. Ule waya wa bluu unaoiambia amplifaya iamke redio ikiwashwa ulikuwa umeungwa na wa njano, ambao una umeme usiku na mchana.

Nilimpigia yule fundi wa kwanza. Akajibu bila kusita, "Nilikuwekea hivyo makusudi, dada, isisahau stesheni." Wa njano wa redio ndio unaotunza stesheni. Amplifaya haina stesheni ya kusahau.

Waya umehamishwa, na gari linawaka hata likikaa siku kadhaa. Jirani uliyeazima waya za kubusti, nyekundu na nyeusi, naomba uzirudishe. Na kama gari lako nalo limefungwa redio karibuni, kabla hujaja kuziazima tena, pitisha kwanza mkono chini ya kiti.