Walevi wa Mafuta: Jaribio la Kuwaainisha

Wanaosafisha bahari huzipanga nyuzi za kufyonza mafuta kwa wingi wa kinywaji: gramu moja ya uzi, gramu ngapi za mafuta. Kigezo hicho hakitoshi. Mlevi hutazamwa pia alichokikataa mezani, na namna alivyorudi nyumbani. Kwa msingi huo tunatambua koo tatu.

Ukoo wa Wasiochagua ni maranda, vumbi la mbao na majani makavu. Hunywa mafuta, hunywa na maji, kisha huzama. Tuendelee.

Ukoo wa Wachukia-Maji ndio wenye ajira. Mkuu wao ni polipropilini, plastiki ile ile ya barakoa za hospitali. Maji haiyataki, na kwa kuwa ni nyepesi kuyapita, huelea hata ikishalewa. Kasoro yake ni kwamba uzi wenyewe haupitishi kitu ndani. Mafuta hushikilia juu yake na katikati ya nyuzi tu. Ukiuopoa umejaa dizeli, kinywaji kinachuruzika njia nzima.

Ndipo ukazuka ukoo wa Wenye Matumbo. Polistirini huyeyushwa kwa kimiminika kinachokauka upesi, kisha huvutwa kwa maelfu ya volti hadi iwe nyembamba kuliko unywele. Kimiminika kikiruka hewani, huacha vitundu mwili mzima. Maabara imeshapima nyuzi za aina hii zikinywa zaidi ya mara 100 ya uzito wake. Sifa hizo, hata hivyo, ni za mafuta mepesi. Yakija mazito kama lami, hukwama mlangoni.

Hapa wanazuoni wanagombana juu ya sufi. Uzi wake ni mrija mtupu uliopakwa nta: hukataa maji, humeza mafuta, na haukuomba volti hata moja. Sisi, tulioulalia kwenye mito tangu utotoni, tunaupa uzee wa ukoo wa tatu. Polima zikinuna, shauri yao.

Lililobaki linatusumbua. Julai 25, 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba Mauritius, na mwezi uliofuata takriban tani 1,000 za mafuta zikavuja. Wananchi walishona mifuko wakaijaza majani ya miwa. Wengine walitoa nywele zao. Majani ya miwa ni Wasiochagua, daraja la chini kabisa. Ila ndiyo yaliyokuwapo, na jedwali letu halina safu ya kuwapo.