Lebo, Ufagio na Sambusa

Nyumba ndogo ya sanaa inayojitegemea kwa kawaida ilikuwa kitu kingine kabla ya hapo: gereji, sebule ya mtu, au kontena kama yale ya Nafasi Art Space, Mikocheni, jijini Dar es Salaam. Anayechagua kazi za kuonyeshwa mara nyingi ndiye huyo huyo anayetoboa ukuta, na jioni ndiye anayezungusha sinia la sambusa. Mikasa mingi ya maonyesho huanzia hapo.

Wa kwanza hutokea wakati wa kutundika. Desturi ni kwamba katikati ya picha pawe kama sentimita 145 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Hesabu hiyo hudhani sakafu imenyooka. Kwenye iliyokuwa gereji, ambako sakafu iliinamishwa makusudi ili maji yatiririke nje, picha huteremka kwa mpangilio kuelekea mlangoni, huku pima maji ikiapa kwamba kila moja iko sawa. Wageni hudhani msanii ana ujumbe.

Kinachofuata ni kutambua kazi ni ipi. Tangu Marcel Duchamp alipopeleka choo cha kukojolea cha wanaume kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917, chochote kinaweza kuwa sanaa, na chumba kikiwa kidogo kila kitu kina jirani. Lebo ikidondoka, msamaria huiokota na kuibandika palipo karibu. Ndivyo feni inavyopata jina, mwaka na bei.

Kosa la upande wa pili ni ghali zaidi. Mwaka 2001, kwenye galari ya Eyestorm, London, mfanyausafi alikuta chupa tupu za bia, vikombe vya kahawa na visahani vilivyojaa vipisi vya sigara, akazoa vyote akatia kwenye mifuko ya taka. Kumbe ni kazi ya Damien Hirst. Ikabidi ipangwe upya kwa kufuata picha. Mwaka 2015 ikawa zamu ya jumba la Museion, Bolzano, Italia: chupa za shampeni na vipisi vilivyotapakaa sakafuni vilionekana ni masalia ya hafla ya usiku uliotangulia, vikafagiliwa. Wafagiaji hawana lawama. Kazi ile ilitengenezwa ionekane kama masalia ya sherehe, na wao ndio watazamaji walioiamini kuliko wote. Tena kilichozolewa huweza kurudishwa. Huko Dortmund, Ujerumani, mwaka 2011, mfanyausafi alisugua kwa bidii doa lililokuwa sehemu ya kazi ya Martin Kippenberger iliyokatiwa bima ya euro 800,000. Doa likatoka, na halikurudi.

Afrika Mashariki hatari hii imesogea karibu zaidi, kwa kuwa wasanii kama Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayeunda miwani kwa vyuma na nyaya za kuokota, huonyesha vitu vilivyokuwa jalalani. Sanamu ya chuma ikiachwa nje ya geti huwa na bei mbili: ya kwenye lebo, na ya kwa kilo.

Usiku wa ufunguzi, umeme ukikatika, kazi ya video hugeuka kioo cheusi, na watu huendelea kukitazama kwa heshima, mikono nyuma. Kiguzo cheupe kilichoandaliwa kubeba kinyago hubeba glasi za juisi ya ukwaju.

Mauzo huonyeshwa kwa nukta nyekundu kando ya lebo. Mtoto wa mgeni akizipata, maonyesho yote huuzwa kwa dakika chache, na msanii hukumbatiwa kabla ukweli haujajulikana. Kinachouzwa kweli hugawanywa, nyumba ikichukua kwa kawaida kati ya asilimia 30 na 50.

Mwishowe kazi hushushwa, matundu huzibwa kwa puti, na msanii huja na bodaboda kuchukua mchoro wa mita mbili. Mwenye bodaboda huutazama mchoro, humtazama msanii, kisha huondoka. Mchoro huwekwa nyuma ya mlango wa choo hadi apatikane mwenye pikapu.