Panya, Mtoza Ushuru Wetu

Simba yupo kwenye noti ya shilingi 2,000, kifaru kwenye 5,000, tembo kwenye 10,000. Twiga tumempa cheo cha mnyama wa taifa. Katika hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kulala chini ya kitanda changu. Panya, anayelala hapo kila siku, hakuchorwa kwenye noti yoyote, akaamua kujitafutia nafasi mwenyewe: aliingia ndani ya godoro nilimoficha akiba, akala tembo wawili na nusu ya simba.

Mnyama wa namna hii anastahili msifiaji, na kwa kuwa wakubwa wamekataa kazi hiyo, naifanya mimi.

Huku Lulindi, kati ya Masasi na Newala, ukitaka kujua hali ya kaya yako husikiliza darini. Mahindi yakishaning'inizwa juu ya moshi wa jikoni na makopa ya muhogo yakijaa vikapuni, huko juu huwa kuna harusi: mbio, vigelegele, ugomvi wa mashemeji, mpaka jogoo la kwanza. Ikifika Februari, akiba imekwisha na mahindi mapya bado machanga, ni kimya kitupu. Sensa hutujia mara moja kwa miaka 10, na maswali mengi. Panya hutuhesabu kila usiku, wala hakosei. Sijasikia hata siku moja panya aliyehamia kwa mtu asiye na kitu eti kwa kudanganywa na bati jipya.

Wala hana makuu. Kule juu uwandani mchanga hunywa mvua yote, na watu wa Newala wameteremka mabondeni kufuata maji kizazi baada ya kizazi. Yeye amekaa nao muda wote huo na hajapeleka ombi la kisima kwa mbunge yeyote. Akikosa nafaka atakula sabuni. Akikosa sabuni ataanza na pindo la kanga, hasa ile iliyowekwa kwa ajili ya harusi.

Sasa tuje kwenye makato, na hapa mkulima wa korosho atanielewa haraka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho zetu hupita ghalani, zikaenda mnadani, na bei inayotangazwa mnadani na fedha inayofika mkononi huwa ni ndugu wa mbali. Katikati kuna ushuru wa hiki, mchango wa kile, gunia, usafiri, na unyaufu, yaani korosho zilizopungua uzito zikiwa zimekaa tu. Na kabla ya hao wote yupo mtu wa kangomba, anayekuja na fedha zake wakati wa njaa, kisha msimu ukifika anadai korosho zikiwa bado chini ya mti, kwa kipimo cha bakuli lake mwenyewe.

Panya je? Wataalamu wamekadiria kwamba hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi hii kwa mwaka. Ni ushuru mmoja tu, hukatwa papo hapo, kwa mazao yenyewe, bila fomu wala muhuri, na hajawahi kuitisha kikao cha kuupandisha. Mwaka wa ukame hufunga pamoja nasi. Mwaka wa mvua njema, ni kweli, panya wa shambani huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, na siku ileile tuliyopanda hufukua mbegu shimo baada ya shimo akifuata mstari. Lakini aliyetufundisha kupanda kwa mstari ulionyooka ni bwana shamba.

Wabaya wake husema anauma huku akipuliza. Nami nawauliza: mnawajua wanaouma bila kupuliza, mnawaonaje wale? Wengine watataja tauni iliyoisumbua Lushoto kuanzia mwaka 1980. Mashahidi wote wa kitabibu wamekiri kwamba aliyeuma watu ni kiroboto. Panya alikuwa mwenye nyumba tu, na tangu lini mwenye nyumba akafungwa kwa makosa ya mpangaji?

Ajira nazo tumhesabie. Nenda stendi yoyote, Masasi au Dar es Salaam, utamsikia kijana mwenye kipaza sauti kinachorudia maneno yaliyorekodiwa: sumu ya panya, mende, kunguni. Panya ndiye anayetajwa kwanza. Kijana yule amepanga chumba, ameoa, anasomesha, yote kwa jina la panya. Na panya mwenyewe, kwa kulinda ajira ya vijana, hajakubali kuisha. Paka kwa upande wake hupewa dagaa, kisha analala.

Na walipopatikana watu wa kumthamini, tazama alivyofanya. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Walifanya kazi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu yake yote yaliyojulikana. Mwenzao Magawa, mzaliwa wa hapohapo Morogoro, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Ujira wake ulikuwa ndizi na karanga. Wa kwetu huzichukua karanga kwanza, kazi baadaye.

Tena hulipa. Mashamba yakishavunwa na majani yakakauka, watoto hutoka na majembe na mbwa, mmoja anachimba, mwingine ameziba mlango wa nyuma wa shimo. Huku kusini wengi humwita panya huyo samaki nchanga. Huunguzwa manyoya, hutumbuliwa, hukaushwa kwa moto, na mahindi yangu na karanga zangu hunirudia mezani, kando ya ugali, zikiwa zimegeuka mafuta. Nitajieni mtoza ushuru mwingine aliyewahi kurudisha makusanyo namna hiyo. Wapo wasiomgusa kwa sababu ya dini, na wapo wasiomgusa mbele za watu. Wanaobaki wana sharti moja: awe wa shamba, siyo yule wa darini.

"Wa shamba huyu?" mama mmoja alimuuliza kijana muuzaji, akimgeuza panya huku na huku.

"Wa shamba, mama. Nyumba hajawahi hata kuiona."

Mama akamsogeza puani. "Mbona ananukia sabuni?"