Koyoti Mzoefu

Mzee ninayefanya naye kazi hapa Amarillo, Texas, aliponialika kuwinda koyoti, nilidhani tunakwenda kukimbizana na mnyama. Kumbe tunakwenda kumwongopea. Koyoti, ambaye kwa sura na tabia ni kama mbweha wetu, huitwa kwa spika yenye rimoti inayolia kama sungura aliyenaswa. Anakuja mbio akidhani kapata kitoweo, nawe umejibanza na bunduki.

Taabu ni kwamba pale tulipokwenda kila mwenye bunduki na Jumamosi ameshapita. Koyoti wa pale wamemsikia sungura yule yule msimu mzima, na wamefiwa kwa ajili yake. Akilia tu, wanashika njia nyingine. Basi gari tukaliacha mbali, na milango tukaifunga kama watu waliochelewa kurudi nyumbani. Tukaingia upepo ukitupiga usoni, kwa sababu koyoti mzoefu haji moja kwa moja: huzunguka mpaka upepo umpelekee habari zako. Sungura akapumzishwa, mzee akaweka sauti ya panya, chini chini, kisha ya kigogota. Februari ni msimu wa kupandana, kwa hiyo akabweka pia kama koyoti mgeni anayetafuta mchumba. Halafu nusu saa bila kukohoa.

Lakini koti langu lilikuwa limelala kabati moja na nguo za mke wangu, zilizofukizwa udi. Mzee alininusa mara mbili, akanionyesha mahali pengine pa kukaa, mbali kidogo. Nikakaa. Palikuwa na mpungate.

Nikiwa nachomoa miiba kimyakimya, mzee akaweka karata ya mwisho: kilio cha mtoto wa koyoti. “Chakula wanakikataa,” alininong'oneza, “mtoto hawamwachi.” Kweli, masikio mawili yakachomoza majanini.

Na simu yangu, niliyoapa nimeizima, ikaita.

Lazima nikiri kwamba kwa simu za kwetu Tanga mimi mwenyewe ni koyoti mzoefu. Namba ya mjomba ni mchango wa harusi, sipokei. Ya shangazi ni mchango wa harusi ile ile, awamu ya pili. Namba ngeni yenye 255 naiacha ilie mpaka ichoke. Nilitaka kuikata, ila kidole chenye mwiba hakina adabu. Kikapokea, tena kwa sauti kubwa.

“Shikamoo baba mkubwa!” Kisauti cha mtoto kikatanda nyika nzima. “Mbona hupokei simu?”

Koyoti alitutazama kidogo, bila haraka, akageuka akaenda zake. Mzee akashusha bunduki, akanikazia macho.

“Marahaba, mwanangu,” nikanong'ona. Ningefanyaje? Mtoto kaamkia.

“Bibi anasema usikate,” akasema. “Anatafuta daftari.”