Sifa za Ufito wa Mlolongo

Washairi wetu wameusifu mnazi, wamelisifu jahazi, na kope za wapenzi wao wamezisifu hadi zikachoka. Ufito wa Mlolongo hakuna aliyeukumbuka. Nausema ule mti mwembamba unaolala mbele ya gari kwenye kituo cha kutoza ada, mwanzo wa barabara ya juu ya Nairobi, ukainuka ukishalipa. Mahali penyewe palipata jina kwa foleni za malori yaliyokuwa yakingoja mizani, kwa hiyo ufito haukukosea makao.

Kwanza adabu zake. Ufito hauna kabila. Haukwambii mkubwa ametoka kidogo, wala hauegemei dirisha la gari ukanong'ona, "Boss, hata ya chai hakuna?" Unataka kiasi kilichoandikwa, mchana kweupe, na risiti unapewa. Barabara ilipofunguliwa mwaka 2022, gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, lililipa shilingi 360. Januari 2024 zikawa 500, na kabla ya hapo tangazo lilitolewa. Nani mwingine mjini hukuarifu kabla ya kukutia mkono mfukoni?

Tena umesahihisha historia. Sisi tuliokwisha kuota mvi tunaukumbuka mlolongo mwingine, wa 1988, wapiga kura walipojipanga nyuma ya wagombea wao, na mahali pengine mstari mfupi ukatangazwa kuwa umeushinda mrefu. Watu walinung'unika miaka. Kwa ufito mstari mfupi hushinda kila siku, halali kabisa, mradi umeulipia.

Mjomba wangu haoni uzuri huu. Juzi nilikuwa nikimpeleka Westlands, na tulipokaribia njia panda nikamuuliza, "Mjomba, tupande juu?"

"Kwani mafuta umetia lita ngapi?"

"Ishirini."

Akanyamaza, akihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, kama alivyokuwa akihesabu mifuko ya mahindi. "Kila lita wamekata shilingi 25 za kutengeneza barabara. Ishirini mara ishirini na tano?"

"Mia tano, Mjomba."

"Basi nimeshalipa. Pita chini."

Hesabu yake haina dosari. Ushuru huo wa mafuta ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024, na ulipoanza mwaka 1993 ulikuja kuchukua nafasi ya vituo vya zamani vya kutoza ada njiani. Vituo viliondoka, majina yakabaki: kule Ruiru, kwenye barabara ya Thika, makondakta bado wanaita "Toll! Toll!" na abiria hushuka bila kulipa chochote zaidi ya nauli. Kwa hiyo ufito si mgeni. Ni jamaa aliyekwenda safari, akamwacha ndugu yake kwenye pampu ya mafuta, kisha akarudi na kumkuta bado yupo. Wakakubaliana wakae wote wawili.

Lakini nisiupe sifa zote. Ufito peke yake ni mti tu. Anayeufanyia biashara ni foleni ya chini. Lami ya juu na ya chini zote ni lami. Unachonunua kwa shilingi 500 ni kutokuwepo kwa wenzako. Siku barabara ya chini itakaponyooka, nani atapanda? Ndiyo maana naliheshimu kila lori linaloharibikia katikati ya njia, na kila matatu inayokata kona kutoka njia ya tatu. Wanafanya kazi ya mauzo bila mshahara. Bodaboda, tuktuk na waendao kwa miguu hawaruhusiwi juu kabisa, lakini wasidhani wamesahauliwa: wamepewa kivuli cha zege, na hakuna anayewatoza kukikalia.

Basi tukapita chini. Karibu na Bellevue magari yakasimama, wachuuzi wakaja. Mjomba akanunua karanga, kisha maji kwa sababu ya karanga. Akanunua waya wa kuchaji simu, ambao haukuingia kwenye simu yake, na mwenye waya alikuwa ameshafika gari la tano. Juu yetu, kati ya nguzo na nguzo, magari yalipita yakivuma, moja, kimya, halafu jingine. Mjomba hakuinua macho. Kijana mmoja akaleta boksi dirishani, ndani mna sungura mdogo mweupe, masikio yamelala.

"Bei gani?"

"Mia nane, mzee. Kwako mia sita."

Tulifika Westlands baada ya saa mbili. Sungura alikuwa amekula nusu ya karanga.