Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayohusika

Hamugembe,
Bukoba.

YAH: OMBI LA KUITEMBELEA MEZA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuamkia kwa heshima zote, waitu, japo sijui naamkia dirisha namba ngapi. Miezi mitatu sasa kila ninayemuuliza ananiambia, "Bibi, hilo nenda ofisi inayohusika." Nikifika huko, nakuta inayohusika ni nyingine. Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Ya kufungwa ingehitaji anwani.

Shauri lenyewe ni dogo. Jumamosi ya kwanza ya Januari nilitoa meza kibarazani, nikapanga vitu ambavyo nyumba imevichoka: pasi ya mkaa, chupa mbili za chai, sufuria kubwa yenye kifuniko cha sufuria nyingine, na redio ya marehemu mzee inayoshika stesheni za Uganda tu. Nikachukua ubavu wa boksi, nikaandika kwa mkaa: VITU VYA NDANI VINAUZWA. Mjukuu wangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, bweni, na mliosomesha mnaijua ile fomu ya kujiunga.

Saa nne wakaja vijana wako wa mgambo. Leseni iko wapi? Kibali? Ushuru wa leo? Nikawatolea kitambulisho cha mjasiriamali, vile vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018 kwa sisi ambao mauzo yetu hayafiki milioni nne kwa mwaka. Mmoja akakigeuzageuza kama mtu aliyepewa noti ya bandia. "Hiki cha zamani, bibi." Nikamjibu kwamba hata mimi ni wa zamani na bado natumika. Vyombo wakaviacha sakafuni. Meza wakaipakia, pamoja na lile boksi, wakasema ni vielelezo.

Usidhani napinga utaratibu. Sisi ndio akina nshomile. Mtu wa huku ukimpa fomu anaisoma yote mpaka jina la mpiga chapa. Lakini nionyeshe fomu. Mwaka jana mkubwa mmoja alipopata uhamisho aliuza friji, masofa, jenereta na kuku wake wote uani kwake, siku tatu mfululizo. Tangazo lilipigwa chapa likabandikwa getini. Mgambo nilimwona pale kwa macho yangu: alikuwa anasaidia kubeba kabati. Basi nimeielewa sheria bila kuisoma. Mwenye geti anauza vitu vya ndani. Mwenye meza anafanya biashara holela.

Sasa nije kwenye ombi. Siombi kuigomboa meza. Faini niliyotajiwa inanunua meza mbili na kiti. Naomba kupangiwa siku ya kwenda kuiona huko yadi. Jumapili baada ya misa ya pili ingenifaa. Nitaandika jina getini, nitapekuliwa, sina neno. Nitakuja na kitambaa na mafuta kidogo, maana mvule ukishinda juani hupasuka. Nitaipa habari za nyumbani: paka amezaa pale ilipokuwa inasimama, na mvua za mwaka huu zimekuja na upepo. Ikilazimu askari asikilize maongezi yetu, tutaongea Kiswahili ili asipitwe na neno. Ningependa pia kujua imelazwa na nani. Nasikia yadini mna mizani, matenga ya nyanya, baiskeli na mikokoteni. Meza yangu imelelewa katika nyumba ya mwalimu. Isije ikatoka huko na lugha ya mikokoteni. Mguu wake wa nyuma, wa kushoto, uwekewe kijiwe, la sivyo itayumba, wenzake wadhani imekunywa rubisi. Na kwa kuwa Desemba 9 wafungwa husamehewa, naomba iingizwe kwenye orodha. Ni kosa lake la kwanza. Ina miguu minne na haijajaribu kutoroka.

Mguu ule, kama ungependa kujua, uliumia Septemba 10, 2016. Jumamosi pia. Tetemeko la 5.9 lilishusha ukuta wangu wa mbele na kibaraza chote. Meza ilibaki imesimama, na mjukuu huyuhuyu, wakati ule wa miaka minne, tulimtoa chini yake akiwa mzima, mweupe kwa vumbi. Baadaye tukaambiwa kila mtu ajijengee. Tukajijengea. Kibaraza hiki nimekisimamisha kwa saruji ya mkopo, na sikuona mgambo aliyekuja kunipokea tofali. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa ndani ya LUKU, sasa shilingi 1,500 kila mwezi, wala hakuna anayepiga hodi. Kwa hiyo kibaraza ni changu siku ya kujenga, ni changu siku ya kodi, halafu siku ya meza ni chenu? Mtoto amekwenda bweni nguo zake zikiwa kwenye kiroba cha salfeti, kwa sababu tranka lilikuwa litoke juu ya ile meza. Wenzake wamempa jina. Hajaniambia ni jina gani, nami sijamuuliza.

Unisamehe. Kalamu imetoka nje ya mstari.

Mengine ni madogo. Senene wakija Novemba, tujulishwe mapema kama watachukua namba ya malipo kabla ya kutua au baada. Ubavu wa boksi urudishwe, upande wa pili haujaandikwa kitu. Ndugu yangu aliyeko Marekani anasema huko watu huanika vyombo vyao mbele ya nyumba, na miji mingine huwapangia siku, labda mara mbili au tatu kwa mwaka. Hata mbili zingetutosha: Januari na Julai, shule zinapofunguliwa. Hili halina mzaha.

Nikisubiri jibu, vyombo nimevirudisha ndani. Mnunuzi anapiga hodi, anakaribishwa, anatafuna punje mbili za kahawa, tunaongea bei kwa kunong'ona kama wezi wa sufuria yangu mwenyewe, kisha anatoka na chupa ya chai chini ya kanga. Jirani ameniuliza mbona wageni wamekuwa wengi, wote wanaingia kwa sauti ya chini. Nimemwambia wanakuja kunipa pole ya meza. Jana naye akaja kutoa pole. Akaondoka na pasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Bibi wa Kibarazani

Nakala: Meza, Yadini.